Nishati inayoungua kwenye breki za Lushoto

Lori la tani 10, gari na mzigo pamoja, likitoka Lushoto mjini hadi Mombo linashuka karibu mita 1,000. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuipiga hesabu yake: uzito mara kimo, jibu linakuja megajuli 98, au uniti 27 za umeme, hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Nyumba ya kawaida pale Ngamiani, Tanga mjini, yenye taa, feni, televisheni na friji dogo, inamaliza wiki nzima kwa uniti hizo. Sehemu ya nishati hiyo inaliwa na matairi na upepo njiani, hilo halina dawa. Inayobaki, zaidi ya nusu, inaishia kwenye lainingi za breki na kwenye injini inayozuia kwa gia nzito. Inageuka joto, joto linapotelea bondeni, na lori likirudi kutoka sokoni dereva anatia dizeli nyingine ya kupandia mlima ule ule.

Simama Mombo mchana malori ya mboga yanapoteremka. Harufu ya lainingi zilizoungua inakufikia kabla gari halijasimama. Utingo anaruka na jiwe lake la kuzuia tairi, na anapita mbali kidogo na rimu kwa sababu joto lake linampiga usoni. Akitokea kijana mgeni na ndoo ya maji anazuiwa kwa kelele: dramu ya breki ikimwagiwa maji ikiwa na moto ule inapasuka. Kwa hiyo lori linakaa pale, linapoa lenyewe, na watu wanakunywa chai.

Hesabu ile na harufu ile ndizo zinazonifanya niitazame langalanga, yaani mbio za magari, kwa jicho la mkazi wa Tanga. Kwa zaidi ya miaka 15 sasa wahandisi wa Formula 1, wa Le Mans na wa mbio za rali za ubingwa wa dunia wameshindana kuikamata nishati inayopotea kwenye breki na kwenye moshi. Wamejaribu njia nyingi kwa fedha nyingi sana. Karibu zote zimeachwa, moja imebaki. Ninachosema mimi ni kwamba hiyo iliyobaki inaufaa mlima wa Lushoto kuliko inavyoufaa uwanja wowote wa mbio, na kwamba tunachelewa bila sababu kuidai.

Tuanze na breki za langalanga zenyewe. Gari la Formula 1 lina uzito wa kilo 800 hivi. Likiwa kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa limebeba nishati mwendo ya karibu megajuli 2.8. Dereva akikanyaga breki mpaka kilomita 100 kwa saa, megajuli 2.5 zinatakiwa zitoke ndani ya sekunde mbili hivi. Upepo unachukua fungu kubwa, disiki za kaboni zinamalizia, na joto la disiki linaweza kufika nyuzi 1,000 za Selsiasi. Ndiyo maana katika mbio za usiku unaziona zikiwaka nyekundu ndani ya rimu. Gawa nishati hiyo kwa muda wake, unapata zaidi ya kilowati 1,000. Shida yote ya langalanga imo humo: nishati ipo tele, muda wa kuipokea haupo.

Mwaka 2009 kanuni ziliruhusu kwa mara ya kwanza gari la Formula 1 kufungwa mota ya umeme inayogeuka jenereta wakati wa kufunga breki. Gari linapopunguza mwendo, mwendo wenyewe unaizungusha mota, mota inatoa umeme, umeme unaingia kwenye betri. Dereva akibonyeza kitufe kwenye usukani, umeme unarudi kwenye mota ile ile na kulisukuma gari. Kikomo kiliwekwa kilowati 60 na kilojuli 400 kwa mzunguko mmoja wa uwanja, yaani msukumo usiofika sekunde saba. McLaren, Ferrari, Renault na BMW Sauber waliujaribu mfumo huo. Lewis Hamilton alishinda nao Hungary mwezi Julai, ushindi wa kwanza wa aina yake, na Kimi Räikkönen akafuatia Ubelgiji akiwa na Ferrari. Hata hivyo ubingwa wa mwaka ulikwenda kwa Jenson Button wa Brawn GP, ambaye gari lake halikuwa nao kabisa. Mwaka 2010 timu zikakubaliana kuuweka kando. Ulirudi 2011.

Waliobeza wakati ule walikuwa na hoja. Kilojuli 400 ni nishati iliyomo kwenye petroli isiyojaza kijiko kimoja kikubwa. Unabeba betri, mota, nyaya na vipoza joto, uzito unakuharibia mizani ya gari, halafu unachopata ni kijiko. Petroli yenyewe haikuwa na kikomo, kwa hiyo aliyetaka nguvu zaidi alichoma zaidi.

Kilichogeuza mambo ni kufungwa kwa bomba la mafuta. Kuanzia 2014 kila gari lilipewa kilo 100 za petroli kwa mbio nzima, wakati injini za V8 za mwaka uliotangulia zilikuwa zikila kama 150. Zaidi ya hapo, petroli haikuruhusiwa kuingia kwenye injini kwa kasi inayozidi kilo 100 kwa saa. Tangu siku hiyo kila joto lililotoroka lilikuwa sekunde zilizotoroka. Injini ikashushwa hadi V6 ya lita 1.6 yenye tabo, mota ya breki ikapandishwa hadi kilowati 120, na mota ya pili ikafungwa kwenye mhimili wa tabo.

Hiyo ya pili nitaieleza kidogo kwa sababu ilikuwa kazi ya akili kubwa. Tabo ni mapanga yanayozungushwa na moshi unaokimbilia ekzosi. Kwenye gari la kawaida, moshi ukizidi unafunguliwa mlango wa pembeni unatoka bure. Hapa moshi uliozidi ulizungusha jenereta, na umeme wake uliweza kwenda moja kwa moja kwenye mota ya magurudumu bila kupita kwenye betri. Dereva alipoachia mafuta na kukanyaga tena, jenereta ile iligeuka mota na kuizungusha tabo kabla moshi haujafika, ili nguvu isichelewe. Mercedes walikwenda mbali zaidi: waliigawa tabo vipande viwili, kimoja mbele ya injini na kingine nyuma, mhimili ukapita katikati ya V, yaani kati ya safu mbili za silinda. Mwaka 2017 walitangaza kwamba injini yao imevuka asilimia 50 ya ufanisi kwenye mtambo wa majaribio. Maana yake zaidi ya nusu ya nishati iliyomo kwenye petroli ilifanya kazi. Injini za petroli za magari yanayopita barabara ya Mombo mara nyingi zinahangaika kufika theluthi.

Nalikazia jambo hili kwa sababu wengi wetu tunaamini teknolojia inakuja yenyewe wakati wake ukifika. Elimu ya kuvuna nishati ya breki ilikuwepo muda mrefu. Treni za umeme zimekuwa zikifanya hivyo tangu karne iliyopita. Formula 1 iliifanyia kazi kwa dhati pale tu kanuni zilipofanya upotevu uwe na gharama. Kwenye mlima wetu upotevu una gharama pia, ila hakuna anayeiandika popote, kwa hiyo mmiliki wa lori anadhani dizeli ya kupandia ni sheria ya asili.

Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, zilikuwa maabara nzuri zaidi kwa sababu kila kampuni iliachiwa ichague ghala lake la nishati. Na ghala ndilo gumu. Kuutoa umeme kwenye breki ni rahisi. Pa kuuweka ndani ya sekunde mbili, paupokee haraka na kuutoa haraka, pasiungue wala kuzeeka, hapo ndipo vichwa vilipouma. Audi, haibridi (gari lenye injini na mota ya umeme pamoja) ya kwanza kushinda Le Mans, mwaka 2012, haikuwa na betri ya kuhifadhia nishati ya breki. R18 e-tron quattro ilibeba flaiwili: gurudumu linalozunguka ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, hadi mizunguko 45,000 kwa dakika, likipokea nishati kutoka ekseli ya mbele na kuirudisha huko huko. Toyota walikuja na kapasita kubwa, kifaa kinachopokea na kutoa umeme haraka kuliko betri. Porsche 919, iliyoshinda 2015, 2016 na 2017, ilitumia betri ya lithiamu na kuongeza tabini ndogo kwenye ekzosi.

Angalia walikoishia. Mwaka 2016 Audi waliiacha flaiwili wakahamia betri ya lithiamu. Mwaka huo huo Toyota nao waliziacha kapasita wakahamia betri. Flaiwili yenyewe, iliyotokana na kampuni tanzu ya Williams, ilinunuliwa na GKN mwaka 2014 ili ifungwe kwenye mabasi ya London na Oxford, lakini haikuwa njia kuu ya dunia. Formula 1 nayo imechuja: kanuni za 2026 zimeiondoa mota ya tabo, ile ya ajabu niliyoisifu, kwa sababu ilikuwa ghali, ngumu, ikiwatisha watengenezaji wapya, na nafasi yake kwenye magari ya kawaida ni finyu. Mota ya magurudumu imebaki, tena imepandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350. Audi wameingia, Ford wamerudi kwa mlango wa Red Bull. Mota moja, betri moja. Hiki ndicho kilichovuka ungo.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelishuhudia jaribio hili kwa karibu. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na kuanzia 2022 hadi 2024 magari ya daraja la juu yaliyotifua vumbi la Naivasha, Kenya, yalikuwa haibridi: mota ya kilowati 100, betri ya uniti 3.9, ikijazwa na breki. Kalle Rovanperä alishinda 2022 na 2024, Sébastien Ogier 2023, wote na Toyota. Kila gari lilikuwa na taa ndogo za usalama. Kijani, unaweza kuligusa. Nyekundu, kaa mbali, hata kama limepinduka. Elfyn Evans aliposhinda mwaka 2025, haibridi ilikwisha kuondolewa. Kisanduku chote cha mota na betri kilitoka kwa mtengenezaji mmoja kikiwa kimefungwa kwa mhuri, timu haikuruhusiwa kukifungua, bei yake ilikuwa inauma, na kilipotolewa uzito wa chini wa gari ulishushwa kwa kilo 80.

Mimi naona kuondolewa kule Naivasha kunatuhusu kuliko ushindi wowote wa Mercedes. Kifaa ambacho fundi aliye karibu na gari haruhusiwi kukigusa, kikiharibika porini, kinageuka mzigo. Mwenye gari anakitoa, halafu anaulaumu umeme. Nitalirudia hili nikifika kwenye gereji zetu.

Sasa twende mlimani na kalamu. Lori letu la tani 10 linateremka kilomita zaidi ya 30 kwa muda wa saa moja hivi. Ukitoa kinacholiwa na matairi na upepo, zinabaki kama megajuli 60 ambazo ni lazima zizuiwe, vinginevyo gari linakwenda korongoni. Zigawe kwa sekunde 3,600. Wastani wake ni kilowati 17.

Kilowati 17 tu. Mota ya Formula 1 inalazimika kumeza 350 kwa sekunde mbili, ikome, imeze tena kona inayofuata. Lushoto inaitoa nishati yake polepole, mfululizo, saa nzima, kwa kiwango ambacho hata mota ya gari dogo la haibridi inakimudu. Kwenye miteremko mikali karibu na Soni kiwango kitapanda mara mbili au tatu, na bado ni kidogo kwa mota ya lori. Betri haina sababu ya kuchemka. Hakuna haja ya flaiwili wala kapasita. Matatizo yaliyowafanya wahandisi wa Ulaya wakeshe hayapo kwetu, kwa sababu ya umbo la ardhi tuliyopewa.

Tukubali kwamba mota, betri na vifaa vyake vitapoteza theluthi moja. Lori linafika Mombo likiwa limeweka uniti 11 hivi. Lita moja ya dizeli ikipita kwenye injini nzuri inaleta kama uniti tatu na nusu za kazi kwenye magurudumu, kwa hiyo tunazungumzia dizeli ya lita tatu kwa mteremko mmoja. Sitaki kuikuza hesabu hii kuliko ilivyo. Lita tatu hazimtajirishi mtu kwa siku moja. Lakini lori linaloteremka mara moja kwa siku, siku 300 kwa mwaka, linatupa lita 900, na hapo hujaweka lainingi zinazobadilishwa, dramu zinazopasuka, wala saa zinazopotea Mombo kusubiri rimu zipoe. Na hujaweka uhai wa watu, ambao kwa kweli ndio unaonisukuma kuandika. Breki zikishapata moto kupita kiasi zinateleza, dereva anakanyaga na gari haliitiki. Kila kilowati inayochukuliwa na mota ni kilowati ambayo lainingi haikuibeba.

Utamu zaidi uko kwenye mzigo. Lushoto inashusha kabichi, karoti, viazi, nyanya, plamu na pichesi. Magari mengi yanapanda yakiwa tupu au na bidhaa chache za dukani. Lori lililoshuka na tani 10 likipanda na tani 4 linahitaji kama megajuli 58 kulifikisha Lushoto. Lilichokusanya wakati wa kushuka, kikishapungua tena kwa kupita kwenye mota, kinabaki kama megajuli 38. Theluthi mbili ya safari ya kupanda imelipwa na kabichi zilizoteremka jana.

Kuna mahali jambo hili linafanyika. Karibu na mji wa Biel, Uswisi, kuna lori la machimbo linaloitwa eDumper, Komatsu iliyong'olewa injini ya dizeli na kupewa betri kubwa. Linapanda tupu likiwa na tani 45, linapakia tani 65 za mawe ya kutengenezea saruji, linashuka. Mzigo ni mzito kiasi kwamba breki zake za umeme zinarudisha karibu nishati yote ya kupandia. Hakuna siri yoyote hapo isipokuwa kwamba mzigo unakwenda chini na gari tupu linakwenda juu, kama kwetu.

Na mkoa huu hauhitaji kufundishwa thamani ya kitu kizito kinachoshuka. Maji ya mto Pangani yanazungusha mitambo ya megawati 21 pale Hale na megawati 68 pale New Pangani Falls. Tulikubali zamani kwamba maji yakianguka bure ni hasara ya taifa. Tani za viazi zinazoanguka mita 1,000 kila siku hatujazitazama hivyo.

Lazima pia niseme wapi mpango huu haufai, maana nasikia watu wakiuhubiri kila mahali. Mji wa Tanga ni tambarare, ndiyo maana baiskeli imekuwa usafiri wa watu hapa tangu enzi za wazee wetu. Bodaboda ya umeme yenye dereva na abiria, kilo 250 kwa jumla, ikitembea kilomita 40 kwa saa imebeba kilojuli 15 tu. Ifunge breki mara 100 kwa siku, ukamate zote bila hasara, hupati hata nusu uniti. Pikipiki ya umeme ina faida zake nyingine, lakini anayemwambia kijana kwamba breki zitamjazia betri anamdanganya. Vivyo hivyo kwa basi la Tanga kwenda Dar es Salaam: likishapita Segera mwendo ni mmoja na breki ni chache. Formula E, mbio za magari ya umeme, inakimbia sana kwenye mitaa ya miji, kona juu ya kona, na gari la kizazi cha tatu lililoanza 2023 linapata karibu asilimia 40 ya nishati ya mbio kutokana na breki. Liweke gari hilo hilo kati ya Segera na Chalinze, asilimia hiyo inayeyuka. Kinacholipa ni uzito mkubwa unaozuiwa mara kwa mara au kwa muda mrefu. Kwa Tanga hiyo maana yake ni Lushoto na Bumbuli, na malori yanayotoka Amani kuteremkia Muheza.

Tukubaliane basi kwamba mlima upo na mota ipo. Nani atalishika gari likiharibika?

Haibridi ziko Tanga tayari, zimeletwa na biashara ya magari yaliyotumika Japani. Nimesimama kwenye gereji ya mjini nikamwangalia fundi aking'oa kiti cha nyuma cha Toyota Aqua. Chini yake betri: moduli 20 zimebanwa bega kwa bega, volti 7.2 kila moja, volti 144 kwa pamoja. Vibati vya shaba vinavyoziunganisha vilikuwa vimeota ukijani wa chumvi ya bahari. Tundu la feni ya kupozea lilikuwa limezibwa na vumbi na manyoya ya kapeti, na moduli za katikati, zilizokosa hewa, ndizo zilizokufa. Fundi alizipima moja moja, akazitenga mbovu, akasugua shaba kwa msasa, akaweka moduli kutoka betri nyingine zenye volti zinazolingana. Gari likatembea. Mwenye gari alikuwa ameambiwa kwingine kwamba haibridi haina tiba, auze.

Kazi ile ilikuwa nzuri, ila nilitazama mikono yake kwa hofu. Aling'oa plagi ya usalama kwanza, vizuri. Glavu za mpira za volti kubwa hakuwa nazo. Nyaya za rangi ya chungwa ndani ya magari haya zinabeba umeme unaoua, na kapasita zinaubakiza kwa dakika kadhaa baada ya plagi kutolewa. Mwaka 2008, kwenye majaribio ya Jerez, Hispania, fundi wa BMW Sauber alipigwa shoti kwa kuligusa tu gari lililorudi kwenye gereji. Timu yenye wahandisi wa kila aina. Fundi wa Tanga amejifunza kwa kutazama video na kwa kuulizana na wenzake wa Dar es Salaam, na amefika mbali hivyo akiwa peke yake. Anastahili zaidi. VETA ingefungua kozi fupi ya umeme wa msongo mkubwa wa magari hapa Tanga, yenye glavu, vipimo na betri za kufanyia mazoezi, na ikapokea mafundi waliopo bila kuwadai vyeti vya shule, mkoa ungepata watu wa kuyashika malori ya mlimani kabla malori hayajafika. Hiki ndicho kilichokosekana kwa haibridi za Naivasha, mkono wa karibu unaoruhusiwa kufungua.

Malori yenyewe si ya kusubiri yabuniwe. Fuso, wale wale wa Canter tunazozijua zikibeba nyanya, wamekuwa na Canter ya umeme tangu 2017. Chama cha wakulima au wamiliki wachache wa mabasi ya Coaster wakishirikiana na Halmashauri ya Lushoto wanaweza kuanza na magari mawili au matatu kwa kipande cha Lushoto hadi Mombo tu, mzigo ukahamishiwa kwenye malori makubwa yaendayo Dar es Salaam. Kipande kifupi, njia ile ile kila siku, kila kitu kinapimika. Mimi ningeanzia kwenye lori kuliko basi, kwa sababu abiria hupanda kama wanavyoshuka, kabichi haipandi.

Kuna tahadhari mbili ambazo sitaki zisahauliwe na atakayeanza. Ya kwanza ilionekana kwenye mbio za Formula 1 za Montreal, Kanada, mwaka 2014. Mercedes zote mbili zilipoteza mota zao za umeme katikati ya mbio kwa sababu ya joto. Breki za nyuma, zilizokuwa zimefanywa ndogo kwa kutegemea msaada wa mota, zikabebeshwa kazi yote. Za Hamilton zikaisha akatoka, Nico Rosberg akajikokota hadi nafasi ya pili, Daniel Ricciardo akashinda. Kwa hiyo lori la Lushoto lisipunguziwe lainingi hata milimita moja kwa kisingizio kwamba lina breki ya umeme.

Ya pili ni mahali pa chaja. Kila anayepanga kituo cha kuchajia atavutiwa kukiweka Lushoto mjini, penye ofisi na hoteli. Kiwekwe Mombo. Gari lililojazwa betri Lushoto linaanza kuteremka likiwa halina pa kuweka umeme, mota haiwezi kuzuia, na lainingi zinabeba mlima mzima kama zamani. Lililojazwa Mombo linatumia umeme likipanda, linafika juu betri ikiwa na nafasi, linapakia, na mteremko unairudishia. Lori la tani 10 lisitoke Lushoto kama betri yake haina nafasi ya uniti 15 angalau, na ningependa sharti hilo liandikwe kwenye leseni ya kwanza ambayo LATRA itaitoa kwa lori la umeme la njia hiyo.